Wanafunzi wanatupigia makofi, kisha hawarudi: jibu kwa mume na mke wanaofundisha dansi Kigoma

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tunafundisha dansi kwa watu wanaoanza, kila Jumamosi jioni, katika ukumbi tunaoukodi hapa Mwanga, Kigoma. Tumeoana miaka kumi na moja, na tumecheza pamoja tangu tukiwa wachumba. Nusu ya wanafunzi wetu ni wachumba wanaotaka kufungua muziki siku ya harusi yao, na waliobaki ni watu wazima wanaopenda rumba. Tunapowaonyesha wanatupigia makofi, lakini wakishikana wenyewe wanakwama, na baada ya wiki tatu au nne wengi hawarudi. Mume wangu anasema naongea mno, mimi naona yeye anaharakisha, na mara nyingine tunabishana mbele yao. Isitoshe, baadhi yao hawataki kubadilishana wenzi. Tunakosea wapi? Na je, tuweke vioo ukutani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na unisalimie shemeji. Umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, lakini kwa maoni yangu karibu yote yanatokana na chanzo kimoja, nacho ni hayo makofi. Watu wanaoanza huwapigia makofi walimu wao pale wanapoona kitu kizuri wasichoelewa kimefanyikaje. Mtu aliyeelewa huanza kusogeza miguu chini ya kiti chake na husahau kupiga makofi. Ninyi mmecheza pamoja tangu uchumba, na kwa muda wote huo miili yenu imezoeana kiasi kwamba ishara za kuongoza na kufuata zimepungua hadi hazionekani tena kwa macho ya mtu wa nje. Shemeji akitaka kukugeuza huenda anavuta pumzi tu, bega lake linapanda kidogo, nawe umeshageuka. Mwanafunzi aliyekaa pembeni anaona mwanamke amegeuka, ila haoni kilichomgeuza. Akirudi kwa mchumba wake anauiga mgeuko wenyewe, anamvuta mkono, mwenzake anayumba, wote wawili wanacheka kwa aibu, na wiki inayofuata wanapata udhuru wa kutokuja.

Kuna jambo la pili lililojificha ndani ya hilo la kwanza, ambalo walimu waliooana hawapendi kuambiwa, nami nalisema kwa uhuru kwa kuwa nafundisha na mume wangu mwenyewe hapa Tabora. Hatua nyingi ambazo mke anaonekana kuzifuata hazifuati kabisa, bali anazijua. Anajua kwamba baada ya hatua tatu za pembeni mumewe hupenda kumzungusha, kwa hiyo anaanza kuzunguka kabla hajaambiwa, na mume naye, kwa kuwa mke huzunguka kila mara, ameacha siku nyingi kutoa ishara inayohitajika. Dansi inapendeza na wao wanafurahi, na hakuna ubaya wowote wakiwa harusini au nyumbani kwao. Ubaya unaanza wanaposimama mbele ya darasa na kusema kwamba hivyo ndivyo mwanamume anavyoongoza.

Jaribuni zoezi hili nyumbani kabla ya Jumamosi ijayo. Shemeji aandike kwenye vikaratasi majina ya hatua zote mnazowafundisha wanaoanza, kila hatua kikaratasi chake, avikunje na kuvitia kwenye kikombe. Wewe ufungwe macho kwa kitambaa. Mtu mwingine, hata mtoto wenu, asimame nyuma yako akiokota kikaratasi kimoja kimoja na kumwonyesha shemeji, muziki ukiendelea taratibu, naye ni lazima acheze ile hatua iliyoandikwa hata kama haifuatani na ile iliyotangulia. Hatua zinazokuja kwa mpangilio wenu wa kila siku mtazimudu. Mpangilio utakapovunjika, wewe utakwenda kule ulikozoea kwenda, naye atakuvuta kwa mkono ili akurudishe. Kila mahali alipolazimika kukuvuta pawekeni alama, kwa sababu hapo ndipo ambapo kwa sasa hamna somo la kumpa mwanafunzi: hata ninyi wenyewe hamuongozani hapo, mnakumbuka tu.

Baada ya jaribio hilo badilishaneni nafasi, wewe uongoze na shemeji afuate, na mfanye hivyo katika mazoezi yenu ya nyumbani kwa muda wa kutosha hadi iache kuwa kichekesho. Wanaume wengi hulikataa zoezi hili. Hata hivyo, mwalimu ambaye hajawahi kurudi nyuma bila kujua anapelekwa wapi hawezi kumweleza mwanafunzi wa kike kwa nini miguu yake inaganda, na mwalimu wa kike ambaye hajawahi kuamua hatua inayofuata huku muziki ukimkimbia hawezi kumwonea huruma bwana harusi anayetoka jasho. Mtaona hapo chini kwamba kujua nafasi zote mbili kutawasaidia pia katika ile shida ya watu wasiotaka kubadilishana wenzi.

Sasa, hicho kinachopaswa kuonekana ni nini? Katika dansi ya wawili kinachoongoza ni uzito wa mwili, na mkono hupeleka habari tu. Wasimamishe wanafunzi wawili wakitazamana, viganja vyao vikigusana usawa wa kifua bila kushikana. Anayeongoza ahamishie uzito wake wote kwenye mguu wa kulia, mpaka kisigino cha kushoto kiweze kunyanyuka bila mwili kuyumba. Anayefuata, kama hakukaza mikono wala kuilegeza kabisa, atajikuta amehamia kwenye mguu wake wa kushoto, na mguu wake wa kulia umekuwa huru. Wakae hapo kwa mapigo manne, kisha warudi upande wa pili. Hakuna hatua iliyopigwa wala kilichoonekana cha kushangilia, lakini dansi nzima imo humo, kwa kuwa swali pekee ambalo mchezaji anayeanza hulikosea kila mara ni hili: mguu upi sasa uko huru? Watu wanaoanza husimama kwa miguu yote miwili, uzito nusu kwa nusu, na ukiwaambia wapige hatua kwa mguu wa kushoto inawabidi kwanza waamue wauondoe vipi, na wakati wanaamua mpigo umeshapita. Mkitaka kuhakikisha kama mwanafunzi amehamisha uzito, mwambieni ainue mguu mwingine. Asipoweza kuuinua papo hapo, hajahamia.

Kwa sababu hiyo sipendi sana walimu wanaochora nyayo sakafuni kwa chaki, ingawa mtindo huo una historia ndefu. Huko Marekani, Arthur Murray, ambaye baadaye yeye na mkewe Kathryn walijulikana sana kwa shule zao za dansi na kwa kipindi chao cha televisheni kilichoanza mwaka 1950, aliwahi kuuza masomo ya dansi kwa njia ya posta, na mwanafunzi alipelekewa michoro ya nyayo ya kufuata sakafuni. Kama biashara lilikuwa wazo la akili sana. Lakini unyayo uliochorwa humwambia mtu mahali pa kuweka mguu tu, haumwambii mwili uende nao au ubaki nyuma, na mtu anaweza kukanyaga kila alama kwa usahihi huku akimvuruga mwenzake mwanzo hadi mwisho. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mume na mke waliowatangulia, Vernon na Irene Castle, waliooana mwaka 1911 na kuwa walimu mashuhuri kuliko wote nchini humo kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wao wenyewe walikuwa wachezaji wa hali ya juu, lakini mojawapo ya dansi zao zilizosambaa sana kwa watu wa kawaida, ile iliyoitwa Castle Walk, ilikuwa karibu kutembea tu kwa kufuata muziki. Walielewa kwamba mtu anayeanza anahitaji jambo aliloweza tangu utotoni, na kutembea kila mtu anakuweza.

Kwa hiyo katika vipindi viwili vya kwanza wafundisheni kutembea. Wajipange mistari miwili bila kushikana, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, ninyi mkiwa mmewapa mgongo ili mguu wako wa kushoto uwe upande ule ule wa kushoto kwao. Mwalimu anayewatazama wanafunzi wakati wa kuonyesha miguu huwalazimisha kugeuza kila kitu kichwani, na wengi hushindwa. Shemeji awatangulie wanaume kwenda mbele, wewe uwatangulie wanawake kurudi nyuma, na msibadilishe chochote hadi watu waanze kuzungumza wao kwa wao huku wakitembea. Mazungumzo hayo msiyakataze. Mtu anayeweza kupiga soga na mpigo usimpotee tayari ana kitu mwilini.

Hapa linakuja suala la muziki, na kwa watu wa Kigoma ni suala nyeti kuliko mnavyodhani. Rumba ambayo wanafunzi wenu wameisikia tangu utotoni, kutoka ng'ambo ya ziwa, ni rumba ya Kongo, iliyokulia Kinshasa na Brazzaville kutokana na santuri za muziki wa Kuba zilizoanza kufika huko miaka ya 1930, na ambayo mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Rumba ambayo mnaikuta kwenye video nyingi za mafunzo kutoka Ulaya ni nyingine. Hiyo ilipangwa London baada ya Vita vya Pili vya Dunia na mwalimu aliyejulikana kama Monsieur Pierre pamoja na mwenzake Doris Lavelle, baada ya Pierre kwenda Kuba mwaka 1947, na leo ni dansi ya mashindano yenye kanuni kali: hatua hupigwa kwenye mpigo wa pili, wa tatu na wa nne, na ule wa kwanza huachiwa nyonga zitulie. Mwendo wake ni kati ya mapigo 100 na 108 kwa dakika. Ukimfundisha mtu wa Ujiji kanuni hiyo huku ukimpigia rumba aliyokulia, masikio yake yatamwambia aanze kwenye mpigo wa kwanza na mwalimu atamwambia asubiri, na atayaamini masikio yake. Kama mmekuwa mkichanganya rumba hizo mbili, hapo pana sababu nyingine ya watu kukwama. Chagueni moja kwa darasa la wanaoanza. Mimi ningechagua ile ya Kongo, na ile ya mashindano ningeihifadhi kwa watakaobaki baada ya miezi sita na kuiomba wenyewe.

Mkichagua ya Kongo kumbukeni kwamba nyimbo zake nyingi, hasa kuanzia miaka ya 1970, zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuimba, ina mwendo wa utulivu, na ndiyo ya kushikana. Ya pili ni sebene, magitaa yanapochangamka na watu wanapoachiana kila mmoja acheze kwa namna yake. Msiwalazimishe wanaoanza kubaki wameshikana ndani ya sebene. Hata wakongwe huachiana. Ikifika sebene wawe huru kwa dakika hizo, wacheke, watikise viuno wanavyotaka, kisha mrudishe wimbo mwanzo. Nimeona darasa zito likifunguka kwa njia hiyo peke yake, maana watu ambao tangu waingie walikuwa wakijitazama miguu hukumbuka ghafla kwamba kucheza walikuwa wanajua tangu zamani.

Pia wafundisheni kusikiliza besi. Anayeanza huvutwa na gitaa la juu, linalokimbia na kurukaruka, naye anataka kukimbia nalo. Waambieni wafumbe macho, watafute sauti nzito iliyo chini kabisa, na wapige makofi nayo kabla ya kupiga hatua yoyote. Katika hili wale watu wazima wenu ni hazina. Wazee waliokua wakati wa bendi za jazi, hapa kwetu Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, walijifunza dansi katikati ya ukumbi uliojaa, mikononi mwa mtu anayejua, na hakuna aliyewasimamisha mstari na kuwahesabia moja, mbili, tatu. Hatua zao huenda zisifanane na zenu, wala msizisahihishe haraka. Mpeni mmoja wao kazi ya kupiga makofi ya besi kwa darasa zima. Kama wimbo una kasi, zipo programu za simu zinazopunguza mwendo bila kuharibu sauti za waimbaji, na kuupunguza kidogo tu kunatosha, kwa kuwa wimbo uliopunguzwa mno hupoteza uhai wake.

Nije sasa kwenye ubishi wenu. Inawezekana wewe unaongea mno na shemeji anaharakisha, yote mawili kwa wakati mmoja, wala sina haja ya kuamua kesi hiyo kwa sababu dawa yake ni moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na ninyi mnaoishi ziwani hamhitaji kufafanuliwa. Kila Jumamosi awepo mmoja tu anayesema, mwanzo hadi mwisho, na mwingine awe kimya ndani ya mistari pamoja na wanafunzi. Zamu ibadilike wiki inayofuata, isibadilike katikati ya kipindi. Huyo wa kimya ana kazi kubwa kuliko msemaji, kwa kuwa anacheza na mmoja baada ya mwingine, anahisi mkono upi umekaza na nani bado anasimama kwa miguu yote miwili, na ndiye anayejua kama maelezo yameingia. Akiona mwenzake amekosea au amesahau jambo asiseme kutoka aliko, asogee asimame kando ya spika, na hiyo iwe ishara mliyokubaliana. Msemaji aweke muziki, wanafunzi waendelee kufanya mazoezi, nanyi mnong'onezane. Mengine yote yaandikwe kwenye daftari na kuzungumzwa Jumapili.

Anayesema awe na kiasi, maelezo ya sentensi mbili au tatu kisha muziki. Na anayependa kuharakisha awe na kipimo kisichotegemea hamu yake: hakuna hatua mpya mpaka ile jozi iliyo nyuma kabisa iweze ile ya zamani ikiwa inatazamana usoni. Kila mwanafunzi asahihishwe jambo moja kwa jioni moja, hata kama mnaona makosa saba. Jingine ni dogo, lakini nimeona limeharibu madarasa: utani wa mume na mke. Shemeji akisema mbele ya watu kwamba mkewe hasikii hata nyumbani, watacheka, lakini kumbuka nusu yao wanajiandaa kuoana, na yule binti aliyekuwa akiogopa kukosea hatua sasa anaogopa pia kwamba mchumba wake amefundishwa namna ya kumcheka.

Kuhusu kubadilishana wenzi nitakueleza pande zote mbili. Faida yake ni ya kweli. Jozi isiyoachana kamwe hujifunza makosa yake yenyewe, mmoja akikaza mkono mwingine anazoea kuvutwa, na baada ya mwezi mmoja hawawezi kucheza na mtu mwingine yeyote. Nafikiri sitahitaji kukueleza zaidi, kwa kuwa ndilo lile lile linalowapata ninyi baada ya miaka kumi na moja. Walimu wa Ulaya na Marekani kwa kawaida huzungusha darasa zima kila baada ya dakika chache, na watu wa huko wamezoea. Hata hivyo darasa lenu liko Kigoma, na miongoni mwa wanafunzi wenu wapo Waislamu na Wakristo kutoka familia ambazo mwanamume kumkumbatia mchumba wa mtu mwingine, hata kwa dansi, ni jambo la kuitiwa kikao. Kulazimisha hakufai, na kumwambia mtu kwamba amepitwa na wakati ni utovu wa adabu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Zoezi la viganja, la kutembea na la kuhamisha uzito yafanywe wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, wakibadilishana kuongoza na kufuata. Yanafanywa bila kukumbatiana, hayana la kumuudhi mtu, na kila mmoja anaonja nafasi ya mwenzake. Wakishakuwa tayari kushikana, mchumba ashikane na mchumba wake tu. Mzunguko ubaki kuwa wenu walimu: wewe uwaongoze mabinti mmoja mmoja, ukicheza nafasi ya mwanamume, na shemeji awaruhusu wanaume wamwongoze, akicheza nafasi ya mwanamke. Ndiyo maana nilisisitiza mbadilishane nafasi nyumbani. Bwana harusi atakayefanikiwa kumwongoza mwanamume mzito kama shemeji, asiyekubali kusogea bila ishara iliyo wazi, hatapata taabu yoyote kwa mchumba wake. Haya yote yaelezwe siku ya kujiandikisha, kabla mtu hajalipa, na kabla ya kumgusa mwanafunzi bega au mgongo mumwombe ruhusa kila mara, hata kama mmemfundisha kwa miezi.

Wanaojiandaa na harusi wanahitaji maneno yao ya pekee, kwa kuwa wana tarehe. Wengi watawajia na wimbo waliouchagua na video ya wenzao waliocheza kwa mpangilio wa hatua nyingi, wakitaka wapangiwe hivyo hivyo. Mimi huwakatalia kwa upole. Siku hiyo mpiga muziki anaweza kuweka wimbo tofauti, au akaukata katikati kwa sababu MC ameona ratiba imechelewa, na jozi iliyokariri mpangilio hubaki imesimama katikati ya ukumbi kamati nzima ya harusi ikiwatazama. Jozi inayojua kuhamisha uzito, kutembea, kugeuka polepole na kumaliza kwa kusimama vizuri itacheza wimbo wowote utakaowekwa. Dakika mbili zinatosha, kisha wageni waitwe kujiunga. Wafanye mazoezi wakiwa na viatu vitakavyovaliwa siku hiyo, na bibi harusi ajifunge kitenge kirefu kinachoburuta nyuma ili wote wawili wajifunze mahali gauni litakapokuwa. Bwana harusi afundishwe hatua fupi na za pembeni, kwa sababu hatua ndefu ya mbele ndiyo inayokanyaga gauni. Waulizeni pia sherehe itafanyika wapi. Zulia lililotandikwa juu ya mchanga chini ya turubai halizunguki na mtu, na mgeuko wa kisigino uliopendeza kwenye saruji ya ukumbi wenu unaweza kumtegua mtu goti huko. Na kama darasa limejaa wachumba wenye haya, anzeni kipindi kwa kwaito ya harusini, ile ya kujipanga mistari, ambayo karibu kila mmoja ameshaicheza kwenye sherehe ya ndugu yake. Hakuna wa kushikana naye wala anayetazamwa peke yake.

Sakafu ya saruji haina huruma kwa magoti na mifupa ya mbele ya mguu, kwa hiyo kurukaruka kusiwemo, na vipindi visizidi saa moja na nusu. Viatu vyenye soli ya mpira hung'ang'ania sakafu mguu unapotaka kuzunguka, na goti ndilo linalolipa. Soli ya ngozi au iliyolainika kwa kuvaliwa ni bora, na kandambili zikatazwe kabisa. Kuhusu ada, toeni mafunzo kwa mzunguko wa wiki kadhaa ulio na mwanzo na mwisho, walipe mara moja; mtu anayelipa kila Jumamosi huamua upya kila Jumamosi kama aje.

Wala sisemi muache kabisa kuwaonyesha dansi yenu. Waonyesheni mwisho wa kipindi, kwa ubeti mmoja au miwili, mkicheza hatua zile zile walizojifunza jioni hiyo na si nyingine, kwa ishara kubwa kuliko mnavyohitaji, ili anayetazama aone bega likitangulia na mguu ukifuata. Mtajiona wazito na mnachosha. Makofi yatapungua, na hilo lisiwatie wasiwasi.

Vioo msiweke. Mwanafunzi anayeanza akiwa na kioo hujitazama yeye, na ukishamzoesha kutazama kioo huchukua muda mrefu kumrudisha amtazame mwenzake. Tena ukumbi wenyewe ni wa kukodi. Fedha hizo nunueni spika ambayo besi yake inasikika hadi mwisho wa ukumbi, na iwe yenye betri, kwa ajili ya zile Jumamosi ambazo umeme unakatika.